Kidole cha Kibwe

Jumamosi, Chamazi

Bado nina ladha ya damu mdomoni, sijui ipi yangu na ipi ya Kibwe.

Kwenye kikundi chetu cha kujifunza Linux, ule mfumo wa kompyuta, kila mgeni "hubatizwa": wanamwekea amri inayofuta kila kitu kwenye kompyuta yake, wanacheka, halafu wanamsaidia kuanza upya. Mie nilipobatizwa nilicheka nao, kisha nikaenda kulia chooni.

Leo mgeni alikuwa Rehema. Alishaninong'oneza kwamba picha zote za marehemu baba yake zimo kwenye laptop yake, hana nakala nyingine.

"Sista, hii amri itaifanya laptop yako iwe nyepesi kama karatasi," Kibwe akamwambia, akaiandika mwenyewe. Wengine wakabana vicheko. Nilitaka kusema acha, sauti ikagoma kama kawaida yangu. Kidole chake kikawa kinashuka kwenye kitufe cha Enter, amri ianze kazi. Nikakidaka kwa meno.

Niliuma mpaka nikahisi mfupa. "We bubu, una kichaa!" Akanitandika ngumi za mdomo, mbili, tatu. Sikuachia. Ilibidi watu wawili wanivute nywele.

Mama nimemwambia nilianguka. Akanikanda kwa maji ya chumvi, hakuuliza tena.

Rehema kanitumia meseji: "Asante, umemwokoa baba." Nimeshindwa kumjibu. Maana niliona kabisa alipoichukua laptop yake na kuifunga. Picha zilikuwa salama, Kibwe analia kama mtoto, na mie nikazidi kuuma.