Mkorosho wa Marehemu Kaka Yako

Shemeji Zuberi, assalaam alaykum. Huku Mpapura tu wazima, mihogo imekubali.

Nuru wangu sasa anabebesha miche ya mikorosho kule Naliendele, yaani anaunga kikonyo cha mti mzazi kwenye mche mchanga, na mabwana shamba wenye vyeti vyao wanamwita mwalimu! Mimi niliyeishia darasa la nne ndiye niliyemzaa.

Jana nilimwona akilamba kidole gumba kabla ya kufunga kikonyo kwenye mche, vilevile kama marehemu kaka yako, aliyefariki Nuru akiwa tumboni. Sijawahi kumsimulia.

"Nani kakufundisha hivyo, mwanangu?"

"Ni baba aliyenifundisha, mama. Pale kwenye mkorosho wake."

Shemeji, najua nilikuruhusu uukate mkorosho ule. Nakuomba, weka shoka chini. Mtoto bado anasoma pale.

Ni mimi,
Mama Nuru