Estrela na Gwiazda

Jumapili, 7 Aprili 2019

Tumefungwa sita bila. Tulikuwa tisa uwanjani — tisa! Golikipa wetu ni mtu mzima mwenye goti bovu. Mimi ndiye mtangazaji. Nilisoma majina ya wachezaji wa Estrela kwenye kipaza sauti, na kabla sijavuta pumzi nikawa nimemaliza. Mtu akapaza sauti jukwaani: mama, rudia, labda wataongezeka! Watu wakacheka. Kaka yangu Anselmo, mwenyekiti wetu, hakucheka. Baadaye mtu wa ligi alimwambia: mkija pungufu tena, tunawafuta. Klabu ya tangu 1931. Na hii ndiyo ligi ya chini kabisa hapa Massachusetts. Chini yake ni kupiga mpira na mbwa bustanini.

Jumanne, 9 Aprili

Bronia kapiga simu. Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu Zygmunt. Yeye ndiye mwenyekiti wa Gwiazda, klabu ya Wapolandi ng'ambo ya mto. Kanisa limeuza uwanja wao, yanajengwa maduka. Wachezaji anao tele, pa kuchezea hana.

"Wifi, nyie mna nyasi hamna miguu. Sisi tuna miguu hatuna nyasi. Hata mjinga anaona."

Nikamwambia wajinga wanaona. Shida ni kaka yangu.

Estrela ni nyota kwa Kireno. Gwiazda ni nyota kwa Kipolandi. Mwanzo ilikuwa timu moja, ya kiwanda cha nguo. Mgomo wa 1934 ukaigawa. Baba alikuwa akisema Wapolandi ndio waliorudi kazini kwanza, wakatusaliti. Baba mkwe alikuwa akisema ni Wareno. Wote wako kaburini. Kiwanda chenyewe sasa ni nyumba za kupanga.

Alhamisi, 11 Aprili

Nilimpelekea Anselmo supu ya sukumawiki na soseji. Nikasubiri ashibe, ndipo nikasema: tuungane na Gwiazda.

"Gwiazda? Kwenye nyasi alizopanda baba?"

"Nyasi za baba zilikufa zamani, kaka. Hizi tulinunua."

Akaweka kijiko chini. Akasema nilishajitoa mwenyewe kwa watu wale, sasa nataka niwape na uwanja.

Harusi yangu hakuja. Mazishi ya Zygmunt alikuja, akaishia getini. Nikaosha bakuli. Nilipokuwa navaa koti akasema, macho yake kwenye televisheni: "Ita wanachama. Waamue wao. Nisije nikaambiwa mimi ndiye niliyeiua klabu."

Basi.

Jumapili ya Matawi, 14 Aprili

Naandika humu humu ukumbini kwetu Estrela. Hakuna anayeondoka.

Watu wamekuja moja kwa moja kutoka misa, matawi mkononi. Mmoja kasema bora tufe na jina letu. Jirani yake: "Kufa wewe! Binti yangu anataka timu ya kuchezea." Kelele. Anselmo kagonga meza. Mikono ikanyooshwa, ikahesabiwa, ikahesabiwa tena. Sare! Kwa katiba yetu, hapo kura ya kuamua ni ya mwenyekiti.

Anselmo kageuzageuza tawi lake mezani mpaka watu wakaanza kukohoa.

Mlango ukafunguliwa. Bronia, kalowa chapachapa. Sikumwita — wenzangu wote wamenigeukia, lakini sikumwita.

"Sikuja kuomba," kamwambia kaka. "Nimekuja kuuona uwanja. Tangu nizaliwe nimeuona nikiwa nyuma ya goli la wageni tu."

"Mvua inanyesha."

"Si unaona nilivyo? Naijua."

Mtu kacheka, kanyamaza haraka. Anselmo katazama mikono yake juu ya meza. Kisha kainuka, kavaa kofia, kapita mbele ya Bronia, kamshikia mlango. Kura hajapiga.

Sasa sote tuko dirishani. Wamesimama katikati ya uwanja, wanabishana — mikono ya Bronia inaruka. Kaka anatikisa kichwa. Anatikisa tena. Nimedhani anarudi, kumbe anaelekea kwenye kona ya upande wa mto, ile ambayo ubovu wake hatuwaambii wageni. Bronia anamfuata, viatu vinazama. Mtu nyuma yangu ananong'ona: wanafanya nini?

Kaka amechuchumaa, anaonyesha kwa kidole. Anamwonyesha pale maji yanapotuama.