Vidonge Vilivyojaza Mashavu ya Mama

Shikamoo mshauri. Nisaidie kabla hujanicheka, maana hapa stendi ya Makambako wenzangu ndio huja kuniomba ushauri mimi, la saba nilifeli lakini kwenye mitumba hakuna wa kunigusa. Tatizo ni mama. Magoti yalimtesa miaka, baridi ya huku unaijua, basi dereva mmoja wa lori, Awadhi, akaniletea kutoka ng'ambo ya mpaka vidonge vyeupe kwenye kopo lisilo na maandishi, si siku hizi kila kitu ruksa, na kweli wiki haikuisha mama akawa anainama kwenye viazi kama binti, akala, uso ukajaa ukawa mviringo, kijiji chetu kizima cha Kitandililo kikasema, "Clemens anamtunza mama yake," nami kichwa kikavimba, nikawa nawaambia wateja, "Nendeni mkaone mashavu ya mama yangu, ndipo mniulize mimi ni nani!" Mwaka mzima nimempelekea.

Mwezi huu akaanguka kanisani. Hospitali wamepima presha, 210 kwa 120, na hajawahi kuwa nayo. Daktari akauliza, "Mama, kuna dawa unatumia nyumbani?" Mama akanitazama, akajibu, "Hakuna, mwanangu, nakula vizuri tu." Daktari alipogeuka akaninong'oneza, "Nyamaza, watakufunga." Amelazwa, kopo liko chini ya mto wake wodini na bado anameza. Sasa ndugu wanasema shangazi Kristina amemroga kwa wivu wa kunenepa kwake, wamemkataza asimwone. Jana nimemkuta shangazi amekaa nje ya wodi, uji aliomletea wifi yake umepoa mkononi. Akasema, "Clemens, hata wewe?" Nikapita kama sikusikia. Niseme, au ninyamaze mama apone kwanza?

Clemens, Makambako

JIBU

Marahaba, Clemens. Apone vipi, na sumu iko chini ya mto?

Mimi si daktari na vidonge hivyo sijaviona. Ila zipo dawa za viungo zinazoondoa maumivu upesi, kisha zinavimbisha uso na kupandisha presha. Inawezekana yale mashavu uliyoyatangaza hayakuwa afya. Pole, najua inauma, ulitaka mama apumzike. Lakini daktari anatafuta chanzo gizani na taa umeikalia wewe.

Usimnyang'anye kwa siri, maana baadhi ya dawa hizo zikikatwa ghafla nazo huua. Mpe daktari kopo lenyewe, mweleze anameza vingapi na tangu lini, yeye aamue. Awadhi mwambie asilete tena. Kufungwa? Likija utajibu, wewe ni mwanamume.

Kisha toka nje umwingize shangazi. Mshike mkono mbele ya ndugu zako wote, useme, "Si yeye. Ni mimi." Watakutukana. Vumilia, yeye amevumilia bila kosa.

Mama yako ameamua kukulinda kwa uhai wake. Mkatalie, leo.