Wembe wa Hambis

Kijijini, Jumatano baada ya harusi

Mdogo wangu mpendwa Prodromos,

Natumaini barua hii itakukuta umeketi kibarazani kwako huko Melbourne, mzima, na miguu imepungua uvimbe. Nisalimie mkeo Rodou, umwambie ule mzeituni aliouacha mche mlangoni kwangu sasa unachungulia dirishani. Mimi nipo. Daktari anasema moyo wangu umekuwa kama bawaba ya mlango wa zizi: bado unafungua na kufunga, ila kwa kulalamika, na hadhani utavuka majira ya baridi yajayo. Usihuzunike. Jumapili nilikula bakuli zima la uji wa ngano na kondoo, nikaongeza, na mtu mwenye huzuni hali namna ile.

Umepiga simu kila siku kuuliza kilitokea nini pale picha ilipoingia giza ghafla, ukabaki na sauti ya fidla, kisha kimya, kisha vicheko. Kila uliyemuuliza amekwambia umngoje Theognosia aandike. Basi naandika. Keti vizuri.

Ulivyotaka ndivyo tulivyofanya. Ulisema mjukuu wako Stavrinos akija kuoa nyumbani anyolewe kwa wembe wa marehemu mume wangu Hambis, si mwingine, kwa kuwa ndio uliokunyoa wewe asubuhi ya harusi yako, na tangu siku ile hujapata kuguswa na makali matamu kama yale, hata huko Australia kwenye kila kitu. Nilikuwa nao kabatini, umekunjwa ndani ya flana yenye mafuta, hauna hata doa la kutu. Jumamosi nikamkabidhi Loizos, kinyozi wa mjini, yule niliyemfundisha kusoma na ambaye hadi leo huniita Mwalimu. Nikamwambia uko tayari. Asiufanye lolote ila kunyolea.

Lakini Loizos unamjua. Jumapili ua ulijaa watu. Stavrinos alikuwa kitini na taulo shingoni, fidla na gambusi vinalia, shangazi zake wamekwisha kumzungushia kitambaa chekundu na kumfukiza majani ya mzeituni, na wewe mwenyewe umo ndani ya simu, umeegemezwa kwenye chupa. Kinyozi akiona macho mengi namna ile, mikono humwasha. Akautoa mkanda wa ngozi wa kunolea, akaushika ukiwa umelegea kama kamba ya nguo, akaanza kuupitisha wembe huku na huku kwa kasi. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga, nilikuwa nasikiliza. Mkanda uliovutwa sawasawa hunong'ona. Ule wake ulikuwa ukichapa vibao. Ngozi iliyolegea hupinda chini ya chuma na kuyaviringisha makali, na makali yaliyoviringika hayanyoi, yanang'oa.

Na yaling'oa. Wembe ulipopita mara ya kwanza, Stavrinos alitokwa machozi. Uliporudi, tone la damu likachomoza kidevuni. Dada yake akaigeuza simu kifudifudi usione, na hilo ndilo giza lako. Unajua kwetu: damu ya bwana harusi ikilidondokea shati kabla ya kanisa, watu wataisimulia hadi ubatizo wa wajukuu, na mama wa bi harusi angepata habari kabla tone halijakauka. Fidla ikanyamaza. Mzee Pieris akasema mwenzako akinyolewa hivi, chako usikitie maji, kikimbize. Hakuna aliyecheka. Mtu mmoja akashauri watume dukani wakanunue wembe wa plastiki. Stavrinos, nusu ya uso ikiwa povu, akasema hataki. Babu yake amemwomba jambo moja tu katika harusi hii, na yeye atakaa pale hadi litimie, hata kengele za kanisa zichoke. Watu wakaanza kusikitika, laiti Hambis angekuwa hai.

Nikawaambia wanisogeze karibu na mlango, kiti na mimi ndani yake. Nilipounyooshea mkono ule wembe, Loizos akaurudisha nyuma.

"Mwalimu, hiki si kisu cha vitunguu."

"Najua, mwanangu. Kisu cha vitunguu ungekiweza."

Pieris akakumbusha kila mtu kwamba mkono wa mwanamke hauugusi wembe wa bwana harusi kabla hajanyolewa. Nikamwambia akitaka kunizuia ainuke, nitamngoja. Magoti yake nayajua. Hapo ndipo vicheko ulivyovisikia vilipoanza. Nikamwagiza Loizos afunge ncha moja ya mkanda kwenye kitasa na kuivuta nyingine hadi ngozi iwe ngumu kama meza. Nikaisugua kwa kiganja ipate joto. Kisha nikaulaza wembe bapa, mgongo mbele na makali nyuma, nikauacha uende kwa uzito wake mwenyewe, na kila ulipofika mwisho nikaugeuzia mgongoni, kamwe si kwenye makali. Mikono hii inayomwaga supu haikutetemeka. Mkanda ukaanza kunong'ona, na mpiga fidla, ambaye ana masikio, akainamisha kichwa. Nikaujaribu kwenye mkono wa Loizos. Akabaki kupatazama palipokuwa na nywele.

Akanyoa yeye, na alinyoa vizuri, maana mkono wa kunyoa anao. Damu haikuonekana tena, na lile tone la kwanza lilikuwa limefutwa kwa taulo. Shati likaenda kanisani jeupe. Pieris aliuliza kama foleni ya kunyolewa imeanza.

Watu hapa wamekubaliana kwamba nilijifunza kwa kumtazama Hambis. Nimewaacha waamini hivyo. Lakini wewe, Prodromos, sitaki nikuage nikiwa nimekuficha jambo.

Hambis hakuweza kunoa. Kabla hujamjua alianguka kutoka juu ya mti wa mkarobu wa baba yake, na kiwiko cha mkono wake kikapona vibaya. Kumshika mtu kidevu na kumnyoa aliweza kama malaika, ila kuugeuza wembe juu ya ngozi hakuweza. Kila alipogeuza aliikata. Mwaka wetu wa kwanza wanaume walikuwa wakitoka kwake na vipande vya magazeti vimebandikwa mashavuni, na wakaanza kwenda kunyolewa kijiji cha pili. Jumapili moja alipolala mchana nikauchukua wembe nikajaribu, kwa udadisi tu, kama ninavyosahihisha hesabu. Alipoamka akajinyoa nao. Aliweka pazia kati ya duka na jikoni, akapigilia ndoano ya mkanda upande wangu.

Tukakubaliana tusiseme, kwa kuwa hakuna mwanaume wa kijiji hiki ambaye angeketi kwenye kiti kile akijua. Basi tangu hapo kila kidevu mlichokipeleka kanisani kilipitia jikoni kwangu, kati ya vitunguu na madaftari ya darasa la nne. Na chako pia. Asubuhi ya harusi yako niliingia na taulo za moto, ukanifukuza mbele ya watu: "Toka, Theognosia, kivuli cha mwanamke kinafisha makali." Nilitoka. Nilicheka jikoni hadi nikakaa sakafuni, na mkanda nilioushika ulikuwa bado na joto la makali yako.

Unakumbuka Hambis kila alipomaliza kunyoa alivyokuwa akisema kwa sauti, "Afya kwa mikono iliyofanya kazi"? Ulikuwa ukimdhihaki kuwa ndiye kinyozi wa kwanza duniani kujibariki mwenyewe. Hakuwa akijibariki. Alikuwa akisema na pazia.

Jumapili Stavrinos alijipapasa shavu, akainuka, akampita Loizos, akaja kwenye kiti changu na kuyasema maneno yale yale, aliyofundishwa na wewe kwa mzaha. Ilikuwa mara ya kwanza kuambiwa nikitazamwa usoni. Wakadhani nalia kwa uzee.

Jana bi harusi alikuja na keki za lozi, akauliza kama ataweza kujifunza. Nimemwanzisha na kisu cha siagi, kilicho butu, hadi kifundo cha mkono wake kitulie. Ana sikio zuri. Wembe, mkanda na ndoano ni vyake.

Nibusie watoto wote, na Rodou mbusu mara mbili, kwa kuwa amekuvumilia. Usipande ndege kwa miguu hiyo. Tumeagana vya kutosha utotoni, kila ulipotorokea mtoni. Ila nijibu upesi, na uanze barua kwa maneno ya Hambis. Ningependa kuyasikia kutoka kwako kabla sijaenda kuyasikia kwake.

Dada yako, asiyejuta hata kidogo,

Theognosia