Kaijage Aliogelea Mpaka Kemondo

Tata,

Mama anataka nimtafsirie picha za video. Kazi hiyo, baba yangu, uliondoka nayo bila kunifundisha, na nimekasirika.

Tangu tukulaze pale kibanjani, kati ya migomba, kila Jumamosi natoka Bukoba na basi, nashuka Muleba, napanda bodaboda hadi Nshamba kumwona Mama. Banda lako la video tumelifunga, na TV ya chogo imekufa. Basi nikazitafuta zile picha za zamani za maafa, nikazitia kwenye simu: picha la meli, la ghorofa linaloungua, la tetemeko. Nilidhani nitakusikia. Nilisahau kwamba ulikuwa ukitafsiri kwa mdomo wako, umesimama pembeni ya TV na fimbo, na hakuna kanda iliyowahi kukunasa. Nimesikiliza meli nzima ikizama kwa Kiingereza, Tata. Hukuwemo.

Na Kaijage hakuogelea. Yule mzee wa Kizungu mwenye sharubu nyeupe, uliyempa jina la Kihaya kwa sababu la kwake lilikushinda. Anakufa. Mkewe analia, maji yanamfunika, basi. Wewe ulituambia, "Msilie! Ameogelea, katokea bandarini Kemondo, sasa hivi anakula sato!" Banda zima likaangua kicheko. Wiki iliyofuata ukaweka la ghorofa, na Kaijage huyo hapo, amevaa suti. "Mnaona? Niliwadanganya?" Hata wabishi wa mstari wa mbele, waliozoea kusema stelingi peke yake ndiye hafi, walikubali. Nyumbani ulimwambia Mama kwamba watu wetu wamezika wengi waliozama ziwani, hawakulipa kiingilio waje kuzika tena.

Nimewatafuta waigizaji wale mtandaoni. Kaijage alikufa zamani, kwa uzee. Yule dada wa tetemeko uliyemwita Kokushubira, naye hayupo. Nimewalilia watu ambao hata majina yao ya kweli siwezi kuyatamka vizuri.

Ndipo nikaikumbuka siku ya hospitali. Daktari alichanganya Kiingereza kingi, Mama amekaa kando, ukamtafsiria. Kisha ukanipigia simu na mimi, maneno yaleyale: "Vidonda vya tumbo tu, mwanangu. Nitapona." Nikaamini! Mimi niliyesoma, sikuuliza hata jina la dawa. Ningeulizaje? Maisha yangu yote hukuwahi kumuua mtu.

Jumamosi iliyopita tulianza na la meli. Simu niliiegemeza kwenye chupa ya chai, Mama akiwa na beseni la ndizi za kumenya. Nilitafsiri vizuri tu mpaka Kaijage alipoanza kuzama. Hapo sauti haikutoka. Mama akangoja, halafu akasema, "Baba yako hapa angesema ameogelea."

Nikamtazama.

"Maji yale nilikuwa nayaona, mwanangu. Na uso wa daktari niliuona pia."

Akaendelea kumenya ndizi zake.

Kumbe mlijua wote wawili. Wewe ulimficha, naye akakuficha kwamba ameelewa, na katika nyumba ile mimi peke yangu ndiye niliyekuwa mtazamaji. Ningekuja, Tata. Ningeacha kazi, nikae na wewe hata kama hatuna la kusema. Mlininyima hilo kwa kunipenda, na bado sijawasamehe.

Sasa nimebaki na ujinga ambao siwezi kumweleza mtu. Kila nikishuka kwenye bodaboda pale Nshamba, macho yananitoka kukutafuta. Ndivyo ulivyonizoesha: anayekufa wiki hii, wiki ijayo anaonekana amevaa suti. Lakini suti yako tulikuzika nayo.

Kanisani wananiambia nijipe moyo. Nawaitikia, kisha nageukia ukutani nalia. Sina habari njema ya kukuletea. Kibanja kinapaliliwa, Mama anakula kidogo, mimi silali vizuri.

Lala salama, Tata. Jumamosi tutalirudia la meli, na nakuahidi sitanyamaza tena. Hata sauti ikikatika, hata Mama akiwa anayaona maji kwa macho yake, Kaijage nitamfikisha Kemondo.

Wewe nimekosa pa kukufikisha.

Mwanao,
Asimwe