Rimu Kutoka kwa Okoth

Jumatatu, 3 Machi

Gurudumu la nyuma limelala tena. La kushoto. Nimelipiga pampu kabla ya chai, shati la ofisi tayari mwilini, jasho mgongoni. Siku ya nne mfululizo. Mzee wa pancha anasema tairi ni nzima, rimu ndiyo imepinda, upepo unatokea ukingoni. Mashimo. Mke wangu, Mama Mueni, amesema tusiigonge nyundo tena. Tununue rimu mpya, zote nne, za aloi. Gari ni la familia, linabeba watoto.

Nimekubali haraka. Tangu tununue hii stesheni wagoni nimetamani rimu nyeusi, inchi kumi na saba.

Naandikia ofisini, saa ya chakula. Daftari linakaa droo ya chini. Hapa masijala hakuna anayefungua droo ya mwenzake.

Jumatano, 5 Machi

Mke wangu anamjua mtu wa rimu. Ana kibanda Mbotela, mtaa aliokulia mke wangu. Jina lake Okoth. Amelitaja akikata sukuma, bila kuinua macho.

Namjua Okoth. Sijawahi kumwona, lakini namjua. Ndiye aliyetaka kumuoa mke wangu, Adhiambo, kabla yangu. Shangazi yake Adhiambo aliniambia siku ya harusi yetu, akicheka, sahani ya pilau mkononi. Miaka kumi na minne imepita. Sijawahi kumuuliza mke wangu neno.

Nina wivu. Haya, nimeandika. Haijasaidia.

Jumamosi, 8 Machi

Tumeenda Mbotela. Okoth ni mfupi. Upara, kitambi, ovaroli ya bluu. Afadhali angekuwa mzuri wa sura, ningejua ninashindana na nini.

Anamwita mke wangu Adi. Mimi hata sikujua kuna Adi. Mimi ananiita shemeji.

Nilimwonyesha zile nyeusi, inchi kumi na saba. Zilikuwa zimetundikwa ukutani, zinameta. Akazipigapiga kwa kiganja kama mtu anayemtuliza ng'ombe.

"Shemeji, hizi ni tamu kwa macho tu. Tairi yake nyembamba kama chapati. Shimo moja la Jogoo Road, umerudi kwangu. Na ukijaza watu kiti cha nyuma, inakwaruza madigadi hapa juu ya gurudumu."

Adhiambo alitaka za fedha, inchi kumi na tano. Okoth alikuwa ameshazitoa kabla sijajibu. Akapima matundu ya nati, akajaribisha moja kwenye gari, akaizungusha, akainama kusikiliza. Ilizunguka kimya kabisa. Alikuwa amesema kweli. Hilo ndilo lililoniuma.

Kisha wakaongea Kijaluo. Mimi Mkamba, najua salamu tu. Sijui alisema nini, lakini Adhiambo alicheka. Nyumbani hucheka akifunika mdomo. Pale hakufunika.

Alipomaliza kufunga, akasema turudi baada ya kilomita mia hivi akaze nati tena. Rimu mpya hutulia mahali pake, nati zinalegea. "Msisahau." Alituambia sote wawili. Macho yalikuwa kwa Adhiambo.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya kanisa majirani wote wa korti yetu wamekuja kuangalia gari. Mama Njoki wa mlango wa tatu amesema limekuwa kama bibi harusi. Mwanangu Kyalo anawaambia wenzake rimu zimetoka Japani, kana kwamba alienda kuzichukua yeye. Dada yake, Mueni, amezifuta kwa kitambaa cha vyombo, akagombezwa, akaendelea kufuta.

Zinapendeza. Nimekaa ndani. Nimesema kichwa kinauma.

Jumanne, 11 Machi

Adhiambo amenikumbusha nati. Jumamosi ataenda na watoto Kangundo kumchukua mama yangu, maana Jumatatu Mama ana kliniki ya macho. Mimi nitakuwa zamu ofisini. Hataki kwenda safari kabla nati hazijakazwa. Amesema anaweza kupitia Mbotela mwenyewe akitoka wodini.

Nimesema hapana, nitaenda mimi. Nimesema upesi mno. Ameniangalia.

Jumatano, 12 Machi

Nilifika hadi kona ya kibanda. Okoth alikuwa amekaa juu ya tairi, anaongea na simu, anacheka. Nikasema moyoni, huyo anaongea na mke wangu. Nikampigia Adhiambo. Haikushika. Akiwa wodini huzima simu, najua, ni muuguzi, kila siku huzima. Sikujali ninachojua. Nikageuza gari.

Spana iko kwenye buti. Ningekaza mwenyewe, ni kazi ya dakika kumi. Lakini ningekaza, ningekuwa nimemtii. Huo ndio ujinga wenyewe, nauandika jinsi ulivyo.

Nyumbani akauliza, "Amekaza?"

"Amekaza."

"Amesema nini?"

"Anakusalimia."

Sijui salamu zilitoka wapi. Zilitoka tu.

Alhamisi, 13 Machi

Amefurahia zile salamu. Jana alikuwa akiosha vyombo huku anaimba puani. Leo asubuhi tena. Salamu nimezitunga mwenyewe, kwa mdomo wangu, na bado nazionea wivu.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua ya kwanza. Gari linakwenda vizuri. Nimesikiliza njia nzima kwenda kazini na kurudi. Hakuna sauti. Mafundi hupenda kutisha watu ili warudi. Hayo ndiyo ninayojiambia.

Jumamosi, 15 Machi

Daftari nimelibeba nyumbani. Naandika kabla ya chakula cha jioni, niko peke yangu chumbani. Hakuna anayenitafuta.

Simu ililia saa saba kasoro. Adhiambo. Sauti yake ilikuwa tulivu, ile ya wodini.

"Okoth alikaza nati siku gani?"

"Jumatano."

"Ulikuwepo?"

Hapo ningeweza kusema ukweli. Nilikuwa na nafasi. Nilisikia malori yakipita nyuma yake, nikasikia mtoto analia.

"Nilikuwepo," nikasema.

Akakata.

Baadaye akapiga tena, akanieleza. Walikuwa wameshamchukua Mama, wanarudi, wamepita Joska. Gari likaanza kutetemeka. Akapunguza mwendo, likazidi. Akaegesha kwenye matope pembeni. Gurudumu la nyuma kulia, upande aliokaa mama yangu na Kyalo. Nati mbili hazipo. Mbili zilizobaki alizizungusha kwa vidole. Kwa vidole. Aliniambia hilo mara mbili.

Alimpigia Okoth. Okoth akamwambia gari halijaletwa. Kisha akafunga kibanda, akapanda pikipiki na nati mfukoni na jeki mapajani, akaenda hadi kule.

Walifika nyumbani Buruburu saa kumi. Mueni, hofu bado usoni, alipita mbele yangu bila salamu. Kyalo alikuwa na macho mekundu. Mama alinishika mashavu, akaingia ndani. Tukabaki mimi na Adhiambo kando ya gari. Nilisubiri anipigie kelele. Nilitaka anipigie kelele.

"Na zile salamu?" akauliza.

Akabeba kiondo cha Mama, akaingia.

Nimetoka nikazigusa nati zote kumi na sita, moja moja. Ningeweza kuwazika watatu, na mama yangu wa nne.

Jumatatu, 17 Machi

Kliniki. Foleni ndefu ya dawa. Mama ameniegemea, jicho moja limefungwa bandeji, anasimulia safari kwa mwanamke wa kando. Ndipo nilipojua kilichotokea pale barabarani.

Okoth alipofika alimshika Mama mkono, akamtoa kwenye matope, akamtandikia koti lake juu ya jiwe akae. Kisha akamwambia, "Nisamehe, mama. Hiyo kazi ni yangu. Sikuikaza vizuri."

Alisema hivyo mbele ya watoto. Ukweli anaujua. Adhiambo anaujua. Wote wawili wakanyamaza.

Mama akanigeukia. "Mutiso, yule mtu ana roho nzuri, lakini si fundi. Usimpelekee gari tena. Niahidi."

Hicho ndicho nilichokitaka tangu siku ya kwanza. Nimepewa bure, na mama yangu mwenyewe. Nisiende Mbotela tena. Adhiambo asiende. Okoth aitwe fundi mbovu.

Nikasema, "Sawa, Mama."

Nimeona haya kiasi cha kuhisi kiu.

Jumanne, 18 Machi

Adhiambo analala chumba cha watoto na Mama. Anasema ni ili amwekee dawa ya macho. Anapika, ananipakulia, anasema karibu. Hanuni. Afadhali angenuna.

Jioni Mama alikuwa sebuleni anachambua ndengu kwa kupapasa. Nilikaa kando yake. Nikaanza kuchambua pia. Kisha nikamwambia. Kwamba Okoth hakukosa. Kwamba alisema gari lirudishwe, na mimi sikulirudisha, na nikadanganya. Mara mbili.

"Kwa nini?"

"Alitaka kumuoa Adhiambo zamani."

Nilisikia punje zinaanguka kwenye ungo.

"Na badala ya kumkabili yeye, ukamdanganya mkeo," akasema. "Na mimi nikiwa ndani ya gari."

"Ndiyo, Mama."

Sijawahi kumwona mama yangu akiniangalia vile. Nina miaka arubaini na sita. Nilitamani anichape kama zamani tumalizane.

"Kesho utanipeleka kwake," akasema. "Nimemwita mtu fundi mbaya hadharani, mbele ya foleni nzima. Mimi sitakaa na deni la maneno."

Jumatano, 19 Machi

Nimeomba ruhusa ya asubuhi. Nimempeleka Mama Mbotela. Amebeba nusu ya ndengu alizowaletea wajukuu.

Okoth alifuta kiti kwa mkono wa ovaroli, akamkalisha. Mama akamwambia kwa Kiswahili chake cha Kangundo, "Mwanangu amenieleza. Wewe ni fundi." Akampa ndengu. Okoth alizipokea kwa mikono miwili. Alionekana kutaka kutoroka.

Halafu zamu yangu. Nilikuwa nimepanga maneno usiku kucha. Yote yakapotea.

"Nilikuwa na wivu," nikasema.

"Nilijua, shemeji." Hakutabasamu. "Tangu siku ile ya kwanza nilijua. Ndiyo maana nilisema rudini, nikasema mara mbili. Ukiwa na wivu na mimi, nitukane. Usiuweke kwenye gurudumu."

"Kwa nini ulijibebesha makosa yangu?"

"Watoto walikuwa wanasikiliza."

Hilo tu. Akainama, akaanza kukagua gari bila kuombwa.

Bado simpendi. Naandika ukweli. Lakini ni mtu kunishinda, na sasa najua kwa nini, na si sura.

Alhamisi, 20 Machi

Nimewaambia watoto. Kyalo hakuelewa, akauliza kama Okoth atapelekwa jela. Mueni alielewa. Akasema, "Na ungetuacha tu tumchukie?" Sikuweza kumtazama.

Adhiambo alikuwa mlangoni na sare yake ya kazi. Alisikia yote. Akaenda zamu.

Jumapili, 23 Machi

Tumemrudisha Mama Kangundo. Adhiambo ameendesha. Mimi nilikaa nyuma, katikati ya watoto, magoti yakigusa kidevu. Hakuna aliyeniambia nikae pale. Niliona tu ndipo panaponifaa.

Mama ameona kilima chao kabla sisi hatujakiona. Jicho limepona. Aliihesabu miti yake.

Wakati wa kurudi watoto walilala. Nilihamia mbele. Mashamba yalikuwa yamelowa, watu wanapanda. Adhiambo akasema bila kunigeukia, "Miaka kumi na minne hujawahi kuniuliza kwa nini nilimkataa."

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kwamba hukumkataa."

Alipunguza mwendo, punda na mkokoteni wakavuka. Aliwangoja wamalize.

"Basi uliza," akasema.

Nikauliza. Akaniambia, polepole, kuanzia mwanzo, na ilichukua hadi tulipoanza kuona maghorofa ya jiji. Sikumkatiza. Sitaiandika hapa. Ni habari yake.