Chaza wa Kamba za Ndani

Jumapili, 4 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimedanganya, na wewe ndiye mtu wa kwanza kumwambia. Hata Mama hajui. Nilitaka kuanza kwa kukuuliza goti linaendeleaje, na binti yako na kichanga chake wanaendeleaje, lakini nikaona nikianza na salamu nitamaliza na salamu, kama kawaida yangu. Sasa nimeshasema, naweza kuuliza: hamjambo nyote? Sisi huku hatujambo. Mama anazidi kuwa mzito. Anasema mtoto anapiga teke kama golikipa.

Nakuandikia kwa sababu simu ya nyumbani kila mtu anaisikiliza, na mimi kwenye simu maneno hunikwama.

Kazi uliyonitafutia nilipomaliza shule naipenda. Wenzangu kwenye meza ya kufungasha wameshanipa jina, Kimya. "Kimya, leo umemeza ulimi?" Nacheka tu, nao wanasema, "Aa, kumbe meno anayo."

Shangazi, unajua shamba letu la chaza lina kamba za kutundikia vikapu: kamba za nje, kule kwenye maji ya bahari kuu, na kamba za ndani, hapa mdomoni mwa mto, ambazo Baba na watu wake walizifunga. Chaza wa ndani hunenepa upesi. Lakini juu ya mto kuna kile kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na mvua ikinyesha maji hushuka na rangi ya chuma. Kila mwezi Mkaguzi anakuja kuchukua chaza wa kupimwa huko kwenu maabara. Yeye mashua haipendi. Anakaa ofisini na chai yake, mimi ndiye ninayetumwa na mfuko. Siku ya kwanza kabisa Meneja aliniambia, "Wachukue wa nje, andika wa ndani. Karatasi tu hiyo, binti, usiiumizie kichwa." Nikaandika, nikatia sahihi. Nimefanya hivyo tangu nianze kazi, na kila mara mfuko unafika mikononi mwako.

Ningeweza kunyamaza, kunyamaza ndiyo kazi yangu. Lakini chaza wanaopasuka mezani tunagawiwa wafanyakazi, na karibu wote ni wa kamba za ndani. Baba analeta ndoo, mimi naleta ndoo. Mama ndiye anayewala. Tangu apate mimba hataki kitu kingine.

Niambie la kufanya. Wewe ndiwe mwenye elimu ya mambo haya.

Mwanao, mtoto wa kaka yako.


Jumatano, 14 Februari

Mwanangu mpenzi,

Marahaba, marahaba sana. Goti limezeeka kabla yangu lakini bado linanifikisha kazini. Kichanga hajambo, ameota jino moja na anamng'ata kila anayempenda.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nikiwa nimekaa. Umefanya vyema kuniambia mimi. Huyo Meneja ni mtu wa njia za mkato, lakini mara nyingi mkato ni uvivu tu, si ubaya. Tusimhukumu mtu kabla ya kupima. Nitumie chaza wachache wa kamba za ndani, wa kweli, bila karatasi yoyote. Mpe dereva wa lori la barafu, mwambie ni zawadi yangu. Nitawapima mwenyewe.

Hadi hapo, usimwambie mtu. Si Mama, ana mimba, asije akapata presha bure. Si Baba yako, unamjua kaka yangu, akikasirika huanza kusema kisha ndio hufikiri. Jambo hili liache kwangu. Nilikubeba mgongoni, nitashindwa kukubebea hili?

Akupendaye, Shangazi.


Jumamosi, 17 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inawakuta salama kama inavyotuacha sisi. Dereva anapiga honi kwa hiyo naandika haraka. Chaza wako ndani ya kopo la bluu, nimewazungushia barafu. Nimewachukua kwenye kikapu cha mwisho kabisa, karibu na mto. Usiku wa jana nimelala vizuri kwa mara ya kwanza. Asante, Shangazi. Asante sana.

Mwanao.


Alhamisi, 22 Machi

Mwanangu,

U hali gani? Sisi wazima. Nimechelewa kukujibu, kazi zilikuwa zimetujaa hadi shingoni.

Nimewapima kwa mikono yangu. Wako chini ya kiwango. Kuna madini ya risasi kidogo sana, kiasi ambacho hata maji ya bomba yanaweza kuwa nacho. Mama na ale. Kama moyo bado unakusumbua, wale wa nyumbani walaze usiku kucha kwenye ndoo ya maji safi ya bahari, kama mnavyofanya kwenye tangi pale shambani. Chaza ni mnyama wa kujisafisha. Kila kibaya kitatoka.

Kazini endelea kumsikiliza Meneja. Wewe bado mgeni, na mgeni njoo, mwenyeji apone, au siyo? Nacheka. Msalimie kaka yangu na wifi yangu.

Shangazi yako.


Jumatatu, 23 Aprili

Shangazi,

Sijaandika shikamoo. Si kwa kusahau.

Baada ya barua yako nilifanya kama ulivyosema. Kila jioni nilikuwa nateka maji kwenye kamba za nje, nayabeba nyumbani, nawalaza chaza wa Mama hadi asubuhi. Baba alinitania kwamba nawatandikia kitanda. Mama akawa anakula zaidi ya mwanzo, kwa sababu niliwasafisha mimi. Alikuwa anawasifia kwa majirani.

Wiki iliyopita Meneja alinikuta kwenye mashine ya barafu. Akasema, "Kimya, nasikia unapenda kutuma zawadi mjini." Nilibaki na koleo mkononi. Akaongeza, bila hasira, kama mtu anayenielekeza njia, "Kila mfuko uliokwenda maabara una sahihi yako, mama. Yangu haipo." Kisha akaondoka anapiga mluzi.

Niliwaza, dereva amesema. Niliwaza hata Baba. Wewe sikukuwaza hata kidogo.

Juzi binti yako alikuja kutuletea nguo za mtoto. Mama alifurahi akampakulia bakuli.

"Kula, mama, unanyonyesha. Hawa wamelala kwenye maji safi, mdogo wako siku hizi ana mkono wa kidaktari."

Akalisogeza bakuli pembeni. "Hapana, anti, asante."

"Unaturingia sisi?"

"Siringi! Mama akininusa tu harufu ya chaza wa huku, atanichinja na mtoto mgongoni. Nyumbani kwetu ni mwiko tangu mwaka jana."

Nikauliza mimi, na wote wakageuka maana sijawahi kuuliza kitu mezani: "Hata waliolazwa?"

"Hata hao. Mama anasema maji safi yanatoa vijidudu tu. Madini yakishaingia kwenye nyama, hayatoki kwa kulazwa, hata uwaimbie."

Mama alicheka hadi akashika tumbo. "Wifi yangu naye! Ukifanya kazi maabara utaogopa hata kivuli chako." Akalivuta bakuli la binti yako, akalimaliza yeye.

Shangazi, nilikaa pale nikimtazama anavyotafuna.

Tangu mwaka jana. Mimi nilikuwa bado darasani. Basi ulijua kabla hujanitafutia kazi hii. Ulijua mifuko inadanganya kabla mimi sijashika hata mmoja. Chaza wangu wa kopo la bluu hukuhitaji kuwapima. Ulihitaji kujua tu kama nimemwambia mtu, kisha ukampigia Meneja.

Usiku ule nilimwaga ndoo zote mbili nyuma ya nyumba. Nilimwambia Mama wameoza. Kesho wataletwa wengine.

Kwa nini yeye? Wa kwako uliwakataza. Kwa nini Mama hukumkataza?

Sina la kusaini.


Jumatatu, 30 Aprili

Mwanangu,

Salamu zako sikuziona, lakini zangu pokea.

Unaandika kama hakimu. Nikueleze basi. Mwaka jana mfuko mmoja wa kweli ulifika, ukazidi kiwango. Kamba za ndani ni kaka yangu aliyezitega majini. Unakumbuka alivyokaa nyumbani bila kazi, alivyokuwa hatoki hata mlangoni kwa aibu? Mimi ndiye niliyembembeleza Meneja amchukue. Ningeandika ukweli, angefukuzwa yeye kwanza, si Meneja. Tukakubaliana mifuko iwe ya nje mpaka kamba zihamishwe. Zingehamishwa. Kila mwezi naambiwa mwezi ujao. Na alipohitajika mtu wa kubeba mfuko, nilitaka awe mtu wa nyumbani, asiyesema ovyo.

Kuhusu Mama yako: ningemwambia asile, angeuliza kwa nini. Ndiyo hivyo tu. Nilijiambia ni chakula cha mara mojamoja. Sikujua ni kila siku mpaka uliponiandikia, na hapo ningeanzia wapi?

Mkaguzi anakuja wiki hii. Nakuomba, jaza mfuko kama kawaida, mara hii ya mwisho. Nitazungumza na Meneja kuhusu kamba. Damu ni nzito kuliko maji, mwanangu.

Shangazi.


Jumapili, 27 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Nimeirudisha kwa kuwa ni haki ya umri wako. Natumaini goti halijambo.

Mfuko sikuujaza. Mkaguzi alipoagiza chai nilikwenda nikasimama mbele ya meza yake. Meneja alikuwepo. Nikasema, "Leo twende wote, ukachague mwenyewe." Meneja akacheka, "Kumbe Kimya anaongea!" Mkaguzi akatazama viatu vyake, vipya, vya ngozi. Akauliza, "Kwa nini?" Nilirudia yaleyale. Nadhani ndiyo yaliyomtisha. Alivivua viatu akaviacha juu ya kiti, akaingia mashuani na soksi.

Nilipiga makasia mimi. Alichagua kikapu cha kamba za ndani. Nilimweleza yote kule majini, kwa sababu nyuma kukiwa na maji na mbele kukiwa na maji ni rahisi kusema. Aliposoma jina langu kwenye karatasi akauliza kama nina undugu na mpokeaji wa mifuko. Nikajibu ndiyo, ni shangazi yangu. Mfuko ameupeleka maabara nyingine.

Majibu unayajua. Kamba za ndani zimepigwa marufuku. Wewe na Meneja mtaitwa kuulizwa, na mimi pia, kwa sahihi zangu. Huko sitakutetea. Nitasema nilichoona.

Baba amesimamishwa kazi. Alikaa siku nyingi bila kusema nami. Jana alinisogezea kiti mezani, basi, sijui ni msamaha au ni kiti tu.

Mama wamempima damu. Risasi imo. Daktari anasema asiguse chaza tena, atafuatiliwa yeye na mtoto, na kwamba kuhusu mtoto hakuna anayeweza kuapa lolote sasa. Mama alisikiliza kimya, kama mimi.

Tulipokuwa tunarudi akaniuliza, "Binti wa wifi yangu alisema kwao ni mwiko tangu mwaka jana. Wifi yangu alikuwa anajua?"

Shangazi, nilimtazama usoni nikamjibu, "Hapana, Mama. Shangazi ni mwoga tu, anaogopa kila kitu." Akashusha pumzi. Akasema, "Nilijua. Angejua angeniambia." Anataka uje siku ya kujifungua. Anasema hana mwingine anayetaka amshike mkono.

Njoo. Mimi sitakusamehe kwa sasa, na sijui lini, lakini nitakufungulia mlango na nitakupokea mzigo. Binti yako mwambie asirudie maneno yale mbele yake. Wakubwa wa maabara waambie kila kitu, Mkaguzi mwambie kila kitu. Ila Mama asijue kwamba ulijua, na asijue kamwe kwamba mimi ninajua. Nakuomba, Shangazi. Hili usimwambie mtu.

Mtoto wa kaka yako.